Majibu Yaliyorudi Kimya

Jumatatu, 4 Machi

Dada kanipa daftari. Kalivika jalada la vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani — kipande cha buluu, kipande cha maua, na pembeni zipu isiyofungua kitu chochote. Kasema, hasira zako peleka humo, mimi nimechoka kuzisikia. Haya. Nazipeleka.

Hasira ya leo ni kliniki. Dada amekwenda tena kuulizia majibu ya kile kinyama walichomkata kwenye titi wakakipeleka maabara. Bado! Wiki ya pili hii anaambiwa bado. Na daktari alisema mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapohapo: bila majibu hawezi kuanza kitu. Hajui kama ni uvimbe wa kawaida au ni ule mwingine. Na kama ni ule mwingine, tusipoteze muda. Akasema "tusipoteze muda" huku anatafuta kifuniko cha kalamu.

Siku ile ya kukatwa nilimtania Dada. Nikamwambia, majibu yako yatapita mikononi mwangu, ukinikera nayaficha. Si uongo. Maabara inatuma majibu kwa mtandao, daraja letu, yaani programu ya ofisi yetu, linayapokea na kuyafikisha kliniki. Wa kulitunza daraja ni sisi — mimi, Bingwa wa meza ya jirani, na Bosi. Mchana nimeangalia skrini kubwa ya ukutani. Kijani tupu. Hakuna ujumbe hata mmoja uliokwama.

Basi wazembe ni kliniki. Keshokutwa nakwenda mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda. Nimeaibisha watu.

Mapokezi kuna mama mmoja, miwani yake inaning'inia kwenye kamba. Nikamwambia majibu ya dada yangu yako wapi. Akasema bado. Nikamwambia haiwezekani, mtandao hauna shida, mimi ndiye ninayeutunza! Kwa sauti hiyo. Mabenchi yote yakanigeukia. Yule mama hakubishana. Kageuza kompyuta yake niione: jina la Dada, namba, na chini yake peupe. Kasema, "Sasa nikuandikie mimi, dada yangu?"

Nikamwita mzembe.

Nje Dada kanishika mkono kwa nguvu. "Wewe unaondoka. Mimi ndiye nitakayerudi hapa kesho na keshokutwa kumwamkia huyo mama!" Sikuwa nimelifikiria hilo. Njia nzima hakunisemesha.

Maabara nako alishakwenda. Wao wanasema wametuma, kompyuta yao inaonyesha imepokelewa, na hawatoi majibu mkononi tangu waache karatasi. Maabara — imepokelewa. Kliniki — haijafika. Wanatupiana mpira, na mpira wenyewe ni dada yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao. Wakaguzi wa mkataba wanakuja Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Mkataba usipoongezwa ofisi inafungwa, Bosi kasema bila kuzunguka. Anataka kijani mpaka siku hiyo, hataki kuona nyekundu hata ya dawa. Kamsifu Bingwa mbele yetu: mwezi uliopita skrini ilikuwa imejaa nyekundu, kijana wa watu kaisafisha peke yake. Tukapiga makofi. Bingwa akajikuna shingo kwa aibu.

Nami nilipiga makofi.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumbani na Dada. Ana sare za shule za kumaliza. Yeye anashona, mimi nakunja, redio inaimba peke yake. Ameshanisamehe ya Jumatano — najua kwa sababu ameanza kunitania. Kaniuliza kwa mara ya mia, kazi yangu hasa ni nini, maana akiulizwa na wateja anasema tu "mambo ya kompyuta" na wanamletea simu zao nitengeneze.

Nikapanga mashati mezani. Nikamwambia, ujumbe ukiingia kwetu haufiki ndani moja kwa moja. Unakuta walinzi wamepanga mstari. Sisi tunawaita mahandla. Huyu anaangalia saini, huyu anaangalia namba ya mgonjwa, huyu anaandika kwenye kumbukumbu kwamba fulani kapita. Kila mmoja akiridhika anampasia mwenzake. Mstari mzima ndio mnyororo. Na jibu likitoka linapita kwa haohao, ila kinyumenyume.

"Na asiporidhika?"

"Anapiga kelele. Aliyetuma anaisikia, anarekebisha, anatuma tena."

"Kumbe umesoma miaka yote ile uje kulinda mlango!" Kacheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali. Nami nikacheka. Dada ndiye aliyenisomesha, kwa cherehani hiihii, tangu mama atutoke. Ana haki ya kucheka.

Halafu akainama kuokota pini, nikaona. Ubavu wa kushoto wa gauni lake, upande wa titi lile. Amefumua mshono akaupanua. Kidogo tu, na ameurudishia vizuri — angeona fundi, au mtu aliyelelewa na fundi.

Sikumuuliza. Naye hakusema. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikalia.

Jumatatu, 11 Machi

Mungu wangu. Sasa wanataka wamkate tena. Eti majibu huenda yamepotea, afadhali wachukue kinyama kingine waanze upya. Dada kasema hakatwi mara mbili kwa ajili ya mtandao. Kasema kwa utulivu kabisa, huku anatoboa tundu la kifungo. Utulivu huo ndio unaonitia hofu. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nimeapa kuufuata ujumbe wake mlango kwa mlango. Nikamwomba kadi ya kliniki ninakili namba. Kadi mpya, inang'aa. Ile ya zamani aliifua ndani ya mfuko wa aproni, ikatoka uji, wakampa nyingine wiki ileile ya kipimo. Namba yenyewe inaanza na herufi. Sikujua kama siku hizi zina herufi.

Ofisini nikaitafuta kwenye kumbukumbu zetu. Hakuna. Nikarudia. Hakuna! Haijawahi kupita kwetu hata mara moja. Nikaruka kwa furaha — basi maabara ndio waongo! Nikashika simu niwapigie.

Nikaiweka chini. Nilikuwa nimepata wazo baya. Nikatafuta namba yoyote ile inayoanza na herufi. Ya mtu yeyote.

Hakuna hata moja.

Jumanne, 12 Machi

Nimelijua. Ningependa nisingelijua.

Nimetengeneza ujumbe wa majaribio kwenye seva ya pembeni, kompyuta yetu ya kujaribia. Namba yenye herufi, majibu ya kubuni. Nikatuma kama wanavyotuma maabara. Upande wangu ikatokea mara moja: imepokelewa. Kijani. Nikaangalia ndani kwenye programu — hakuna kilichoingia. Imepokelewa na nani, sasa? Na shetani?

Nikaufungua ule uthibitisho uliorudi, niusome neno kwa neno. Haukuwa uthibitisho. Ulikuwa ujumbe wangu mwenyewe! Namba ileile, majibu yaleyale ya kubuni. Barua imefika mlangoni, imegeuzwa, imerudi kwa aliyeiandika, naye kwa kuona tu kitu kimerudi bila kelele, akajiandikia: imepokelewa.

Aliyeigeuza ni handla wa namba. Huyu alifundishwa zamani kwamba namba ni tarakimu tupu. Akiona herufi, haridhiki. Hapo ilibidi apige kelele, maabara wasikie kwamba kuna kosa. Lakini mtu kaufuta mstari wa kelele. Pale pale pameandikwa neno moja la Java, lugha tunayoandikia programu: *false*. Maana yake, simamisha msafara, geuza ulikotoka. Na mnyororo unatii. Unageuza kila kitu kwa adabu, ujumbe unarudi kupitia mahandla walewale kinyumenyume, unatoka nje ukiwa umevaa nguo za jibu.

Hakuna kelele, hakuna nyekundu. Na mimi nikaenda kumtukana mama wa watu mbele ya wagonjwa.

Jina la aliyebadilisha limo kwenye faili. Bingwa.

Na si Dada peke yake. Ni kila aliyepewa kadi mpya. Kila mmoja wao yuko mahali anaambiwa bado. Wangapi? Sitaki kujua. Nataka kujua. Sijala tangu asubuhi na Dada kanipakulia, nimesema nimeshiba.

Jumatano, 13 Machi

Nilikuwa nimejiandaa kumrarua Bingwa. Nimemkuta anafuta kibodi yake kwa kitambaa, kitufe kimoja kimoja, kama anavyofanya kila asubuhi. Nikamwonyesha mstari.

"Nilinyamazisha tu," kasema. "Bosi alisema tangu mwezi uliopita hataki nyekundu. Nikajua maabara wanakosea kuandika. Namba gani ina herufi?"

Hakuna aliyetuambia kuwa kadi zimebadilika. Hilo ni kweli, nami sikujua mpaka juzi. Nikamwambia, sawa, umemkataa mtu mlangoni, lakini hukumwambia kwamba umemkataa!

"Nimesema *false*. Si ndiyo hapana?"

"Hapana uliyomwambia nani? Umeambia mnyororo. Maabara hawakusikia kitu, wamerudishiwa barua yao!"

Bingwa kakumbuka kumbukumbu, macho yakamng'aa. Handla wa kumbukumbu ndiye wa kwanza kwenye faili, kasema, kwa hiyo hata waliogeuzwa lazima wameandikwa kwanza. Hata mimi niliamini hivyo. Sote tumeamini hivyo tangu daraja lijengwe. Tukafungua faili pamoja. Kweli, kaandikwa juu kabisa, kabla ya saini, kabla ya namba.

Uongo. Tumekaa nusu siku mpaka tukaelewa. Kuna mahandla wa bahasha na mahandla wa barua. Wa bahasha wanagusa kila kilicho juu — saini, namba. Wa barua wanaona kilichomo ndani tu. Ujumbe unapoingia, bahasha hutangulia, utake usitake. Java inawapanga upya yenyewe, haijali wewe umeandika nani kwanza. Mwandishi wa kumbukumbu ni wa barua. Kumbe miaka yote hii amekuwa nyuma ya mlango, anaandika walioingia tu. Wanaogeuzwa hajawahi kuwaona.

Bingwa kaweka kichwa mezani. Nilitaka kumpiga. Nikamwekea mkono mgongoni. Analea wadogo zake wote kwa kazi hii na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Laiti angekuwa mvivu!

Alhamisi, 14 Machi

Bosi kasikiliza mpaka mwisho. Kafunga mlango. Kauliza nani mwingine anajua.

Nikasema tunahitaji kurekebisha leo, maabara watume upya leo. Kasema Jumatatu jioni, wakaguzi wakishaondoka. Ukigusa sasa hivi nyekundu zitarudi, watauliza ni nini, tutajibu nini? Kwamba tumekuwa tukirudisha majibu ya wagonjwa? "Tumekwisha. Wewe, mimi, Bingwa, yule mama anayefagia hapa. Wote."

Nikamwambia mmoja wao ni dada yangu.

Kashika paji la uso. "Pole. Pole sana, mdogo wangu." Hajawahi kuniita hivyo. "Lakini siku nne tu. Ameshangoja muda wote huo."

Ameshangoja muda wote huo! Nimetoka mle ndani. Bosi si mtu mbaya. Siku mama yake Bingwa alipolazwa, gari lililompeleka lilikuwa lake. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

Nyumbani Dada kaniuliza kulikoni, mbona nimekauka. Nikasema kazi. Kaniambia kesho anakwenda kumwamkia mama wa mapokezi, amemshonea mfuko wa miwani, kuniombea msamaha. Wa maua, una kamba yake. Kauweka mezani mbele yangu nikague mshono.

Sikuweza kumwambia. Nikakagua mshono.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefanya.

Kwetu Ijumaa hakuna anayegusa programu. Sheria ya ofisi, imebandikwa mpaka chooni. Bosi katoka baada ya chakula cha mchana kwenda kununua maua ya chumba cha kikao. Nikafungua faili. Bingwa kaona. Nikamngoja aseme neno. Kavuta kiti chake kakaa ubavuni mwangu. "Basi tuharibu wote."

Namba yenye herufi — ipite. Isiyoeleweka — handla apige kelele, maabara wasikie. Mwandishi wa kumbukumbu tumemwandika upya awe wa bahasha, tumemweka kichwa cha mstari, aone kila anayegonga. Tukajaribu kwenye seva ya pembeni, mara kadhaa. Halafu tukaiweka kwenye seva yenyewe. Skrini ya ukutani ikapepesa, ikarudi. Kijani. Halafu nyekundu moja chini kabisa, namba iliyokosewa kweli. Bingwa kaitazama, katabasamu. "Karibu tena," kaiambia.

Nikapiga maabara. Fundi wa zamu alikuwa anatafuna kitu. Nikamwomba atume upya zote zinazoanza na herufi.

"Zilishapokelewa hizo."

"Hazikupokelewa."

"Imeandikwa hapa imepokelewa."

"Najua imeandikwa. Ni uongo, na uongo ni wetu."

Akaacha kutafuna. Kauliza, zote? Nikasema zote. Kasema kesho asubuhi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda ofisini kutazama. Hapakuwa na mtu, maua tu kwenye ndoo.

Zilianza kupita moja moja, halafu kwa mkupuo. Herufi, tarakimu. Herufi, tarakimu. Wengi, jamani, wengi! Nilidhani nitafurahi. Kila namba ni mtu aliyerudishwa nyumbani na neno bado. Nilikuwa nikisema pole kwa kila moja, mwisho nikashindwa kwenda nazo.

Halafu ya Dada.

Kumbukumbu, imeandikwa. Saini, sawa. Namba, sawa. Imepita. Kupepesa jicho tu. Majibu yenyewe yamefungwa kwa fumbo, mwenye ufunguo ni daktari peke yake. Mimi ni wa bahasha. Nikaigusa namba pale kwenye skrini kwa kidole, kama mjinga.

Na hapo ndipo hofu ilipoingia. Wiki zote hizi nilikuwa na hasira, hasira ilikuwa inanibeba. Sasa sina hata wa kumkasirikia. Majibu yalipokuwa yamekwama Dada alikuwa mtu anayengoja tu. Hakuwa mgonjwa. Nimekaa pale nikatamani — niliandike au nisiliandike? — nikatamani ningeiacha ikwame siku mbili zaidi.

Kliniki wanafungua Jumatatu. Hatujui kitu mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 18 Machi

Wakaguzi wamekuja. Wamekuta nyekundu tatu nne zikiwaka ukutani, wameuliza, Bosi kaeleza huku anatabasamu kwa meno tu. Wakaandika. Hawakusema kitu. Walipoondoka kaniita, kanyoosha mkono, nikampa kadi yangu ya mlango. Kasema kaa nyumbani mpaka nikuite. Hakufoka. Bingwa alisimama kutaka kusema ni yeye pia, nikamkata jicho akae. Mmoja wetu abaki na mnyororo.

Nilikuwa ngazini simu ikalia. Dada!

"Yamefika! Mama wa mapokezi kanipigia mwenyewe. Umeona? Na ule mfuko wa miwani umesaidia, wewe cheka tu!" Furaha hiyo, kama mtoto. Anataka niende naye kesho asubuhi. Kasema, "Daktari kaagiza nisije peke yangu, nije na ndugu. Nikamwambia yule mama, ndugu ninaye, tena unamjua, si yule aliyekutukana?" Akacheka.

Mimi sikuweza.

"Uko?"

"Nipo, Dada."

Aje na ndugu. Nimekaa ngazini pale mpaka mfagiaji kaniomba nipishe. Labda ni utaratibu. Labda wanamwambia hivyo kila mtu. Wana wagonjwa wengi, lazima wawe na utaratibu. Nimejiambia hivyo njia nzima na sijaamini hata kidogo.

Sikumwambia kuhusu kazi. Wala kuhusu mnyororo. Amewaambia wateja wote kwamba ni mdogo wake aliyeyatafuta majibu mpaka yakapatikana.

Jumanne, 19 Machi

Kwenye benchi, kliniki. Daftari juu ya goti. Dada kasema nikiandika siwezi kugombana na watu.

Nimemwomba msamaha yule mama. Nikasema, kosa lilikuwa kwetu. Kanitazama juu ya miwani. "Najua. Mmeyaleta yote kwa pamoja, jana simu haikupumzika." Kamba ya miwani ni ile ya maua. Hakusema amenisamehe, kasema tukae.

Mabenchi yamejaa. Watu wamekuja wawili wawili. Mume na mke. Binti na baba yake. Hakuna aliyekuja peke yake, nimeangalia mpaka mwisho wa korido. Wengine lazima waambiwe mazuri, haiwezekani wote. Haiwezekani.

Dada kavaa gauni lile la mshono uliopanuliwa. Kaja na kazi yake, anakaza vifungo vya shati la mtu. Siku hizi hawaiti majina, wanaita namba, ili watu wasijue mambo ya watu. Dada haimpendezi. "Tumekuwa mashati sasa, tunaitwa kwa saizi." Mzee wa benchi la mbele kacheka. Dada naye, kakata uzi kwa meno.

Sijui akitoka mle ndani nitamwambia nini. Kwamba yalikuwa kwetu? Kwamba siku zote zile alizokwenda na kurudi, yalikuwa yanafika mlangoni kwangu yanageuzwa? Ataniuliza kama muda huo ungesaidia. Hapana, hataniuliza. Ndiyo itakuwa mbaya zaidi.

Mlango umefunguliwa. Nesi anasoma kwenye karatasi. Herufi kwanza, halafu tarakimu, polepole.

Dada anaendelea na kifungo. Hajaishika namba yake, kadi bado mpya kwake. Mimi naijua. Nimeitafuta kila mahali, nimeilalia, nimeiamkia.

Nesi kaita tena.

"Huyo naye yuko wapi?" Dada kaninong'oneza. "Si aitike, anatuchelewesha wenzake."

Sijainua kichwa. Naandika tu. Nesi anaangalia benchi hadi benchi, anaita mara ya tatu —